Jibu: Udukuzi ni nini, na wadukuzi wote ni wezi?

Mkuu, umeuliza udukuzi ni nini hasa, na kama kila mdukuzi ni mwizi. Kudukua ni kupenya kwenye kompyuta au mtandao kwa kutumia udhaifu wa programu, au udhaifu wa mtu. Huu wa pili ndio unaonitisha zaidi.

Tazama Benki Kuu ya Bangladesh. Wafanyakazi walitumiwa barua pepe ya mtu anayeomba kazi, ina wasifu wake wa kupakua. Kuufungua tu, virusi vikaingia. Wadukuzi walikaa ndani karibu mwaka mzima wakisoma jinsi benki inavyotuma pesa. Februari 2016 wakaagiza karibu dola bilioni 1 kutoka akaunti yake ya New York. Ijumaa asubuhi printa ya kuchapa taarifa za miamala ikagoma, watu wakadhani ni ubovu wa kawaida. Kumbe dola milioni 81 zilishakwenda Ufilipino! Milioni 20 zilizotumwa Sri Lanka zilinaswa kwa sababu ya kosa la tahajia kwenye jina la mpokeaji.

Marekani inasema waliohusika waliitumikia Korea Kaskazini. Hapo lengo lilikuwa pesa.

Lakini Robert Morris, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1988 aliachia programu inayojinakili yenyewe, akidai alitaka tu kupima ukubwa wa intaneti. Ililemaza maelfu ya kompyuta, akatiwa hatiani. Baadaye akawa profesa wa chuo kikuu cha MIT, hukohuko Marekani.

Wapo pia wanaolipwa na kampuni wazidukue kwa ruhusa, matundu yazibwe mapema. Hao siwaiti wezi hata kidogo, mkuu. Tunawahitaji.