Maswali yenu kuhusu mambokale ya Wales

Tangu safu hii igusie uchimbaji wa akiolojia huko Wales, maswali yamekuwa mengi. Haya ni machache niliyoona yatawafaa wengi.

Wanajuaje pa kuchimba ilhali juu ni majani matupu? (Msomaji, Morogoro)

Kazi huanza kwa kutazama, kabla mtu hajashika sururu. Mtaro uliochimbwa kuzunguka ngome miaka 2,000 iliyopita ulijaa udongo laini, na udongo huo hushika unyevu kuliko ardhi ya pembeni. Jua likikaza, mazao yaliyo juu ya mtaro hubaki kijani; yaliyo juu ya msingi wa mawe hunyauka mapema. Aliye ndani ya ndege ndogo huona umbo zima: duara la nyumba, pembe za kambi ya Kirumi. Kiangazi cha 2018 kilikuwa kikavu mno, na wataalamu wa Tume ya Kifalme inayoorodhesha mambokale ya Wales, iliyoundwa 1908, waliruka huku na huko wakipiga picha kabla mvua haijafuta kila kitu. Baada ya ndege huja vipimo vya usumaku na vya umeme ardhini, wapimaji wakitembea mstari kwa mstari. Kumbukumbu za Tume ziko mtandaoni kwa jina la Coflein, na yeyote anaweza kuzipekua bure. Kwangu mimi, kazi hii isiyo na vumbi ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Basi mbona hawachimbi kila walichokiona? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu kuchimba ni kuharibu. Tabaka likishaondolewa halirudishwi, kinachobaki ni maandishi, michoro na vitu vilivyookotwa. Tazama yaliyotokea katika pango la Paviland, rasi ya Gower. Mwaka 1823 William Buckland, kasisi na mwanajiolojia wa Oxford, alifukua humo mifupa ya mtu iliyopakwa udongo mwekundu, pamoja na vipande vya pembe za ndovu na makombe ya baharini. Fuvu halikuwepo. Buckland akaamua ni mwanamke wa zama za Warumi, na jina la "Bibi Mwekundu" likaganda hadi leo. Baadaye ikabainika ni kijana wa kiume, na vipimo vya kaboni vikaonyesha alizikwa takriban miaka 33,000 iliyopita. Mifupa imetunzwa, kwa hiyo imeweza kuulizwa upya. Lakini udongo uliokuwa umeizunguka ulitolewa kwa haraka na watu wasiojua cha kutafuta, na habari zake nyingi zimepotea. Ndiyo maana wachimbaji wa sasa huacha sehemu ya eneo bila kuigusa, waikute watakaokuwa na vifaa bora.

Isipokuwa pale ambapo bahari haingoji. Ngome ya Dinas Dinlle, juu ya kilima cha pwani ya Gwynedd, humegwa na mawimbi, na upande wake wa magharibi umeshaporomoka. Hapo kusubiri ni kupoteza, na wamefanya vyema kuchimba.

Nilisikia walipata mnyororo wa watumwa. Ni kweli? (Msomaji, Bagamoyo)

Ni kweli. Mwaka 1942, wakati wa vita, uwanja wa ndege wa kijeshi ulikuwa ukijengwa kisiwani Anglesey. Matope ya kinamasi yalichotwa kwenye ziwa dogo la Llyn Cerrig Bach ili yafunike mchanga wa uwanja huo, na ndani yake ukatokea mnyororo wa chuma. Wafanyakazi walidhani ni wa kawaida, wakaufunga kwenye trekta na kulivuta lori lililokwama. Haukukatika. Ulikuwa na umri wa miaka 2,000 hivi, na pete zake zilitengenezwa kufunga shingo za mateka. Eneo hilo lilitoa zaidi ya vitu 150, zikiwemo panga, mikuki na vipande vya magari ya farasi, ambavyo inaaminika vilitupwa ziwani kama sadaka.

Mtu akiokota dhahabu shambani ni yake? (Msomaji, Muscat)

Hapana. Sheria ya Hazina ya 1996 inamtaka aripoti ndani ya siku 14. Makumbusho ikiinunua, kwa kawaida zawadi hugawanywa kati ya aliyeiokota na mwenye shamba. Kutumia kigunduzi cha chuma bila kibali katika eneo lililohifadhiwa ni kosa la jinai.

Kuna uhusiano wowote na pwani yetu? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Upo, na unapitia kwa mwanaakiolojia Mortimer Wheeler. Miaka ya 1920 aliongoza Makumbusho ya Taifa ya Wales, akachimba ngome mbili za Kirumi, Segontium na nyingine karibu na Brecon. Huko Caerleon palikuwa na bonde la majani ambalo wenyeji waliliita Meza ya Mfalme Arthur. Uchimbaji ulioanza 1926 ulifichua uwanja wa michezo wa Warumi, na kwa kiasi kikubwa aliyeusimamia ni mkewe Tessa, ambaye hatajwi inavyostahili. Mwaka 1955 Wheeler alizuru Tanganyika na kufika Kilwa, akashangazwa na wingi wa vigae vya kauri ya Kichina ufukweni. Alisema historia ya nchi hii tangu karne ya 10 imeandikwa kwa vigae hivyo. Miaka michache baadaye Neville Chittick akaanza kuchimba Kilwa Kisiwani, tabaka kwa tabaka, na taarifa yake ikatoka 1974.