Skuli ya serikali na vyuo vikubwa: yaliyonipata mimi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu zinaanza kutoka kwetu Pemba, mara Wete, mara Chake. "Mwanangu, huyu mdogo wako tumtoe serikalini tumpeleke skuli binafsi? Si ndiyo atapata vile vyuo vikubwa?" Nami huuliza kwanza: vyuo vya wapi?

Kwa vya hapa kwetu, jina la skuli halina kazi. Muhimbili au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaangalia matokeo ya kidato cha sita ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, na A ya Pemba ni pointi 5 sawasawa na A ya skuli inayolipiwa mamilioni. Skuli binafsi husaidia kabla ya mtihani: maabara ina vifaa, darasa halijafurika, mwalimu anakujua kwa jina. Si haba. Lakini ukishakaa kwenye chumba cha mtihani, hapo ni wewe na karatasi yako.

Marekani ni mambo mengine. Kule alama ni mwanzo tu. Wanasoma insha zako, shughuli zako, barua za walimu, na waraka unaoieleza skuli uliyosoma. Mwaka 2023 mchumi Raj Chetty na wenzake walionesha kwamba watoto wa Kimarekani wanaotoka asilimia 1 ya matajiri wa juu huingia vyuo vya daraja la Harvard zaidi ya mara mbili ya watoto wa kipato cha kati wenye alama zile zile za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya kule. Sababu mojawapo ni sifa zisizo za darasani, na skuli binafsi zinajua kuzieleza sifa hizo.

Mimi niliangukia hapo hapo, kwenye barua ya mwalimu. Nilimwendea maalim wangu wa fizikia, aliyenipenda kama mwanawe, nikamuomba barua. Kesho yake akanipa karatasi iliyopigwa muhuri wa buluu: mwanafunzi huyu ana tabia njema, ni mtiifu, tunamuombea kila la kheri. Mistari mitatu. Rafiki yangu wa skuli binafsi Unguja aliandikiwa kurasa mbili. Maalim wangu hakuwa na kosa, maisha yake yote hajaombwa barua ya namna ile, na mimi sikumwambia inataka nini. Mwaka ule nilikataliwa kote.

Mwaka wa pili nilimfuata barazani kwake baada ya Alasiri, na daftari langu la praktiko mkononi. Tukalifungua. Akacheka alipofika kwenye jaribio la umeme, siku tulipokosa betri nikaenda kuzichomoa kwenye redio ya babu. Nikamwambia, "Maalim, andika hayo hayo." Akaandika ukurasa mmoja na nusu kwa mkono, maalim wa Kiingereza akautafsiri, wakautuma wenyewe bila mimi kuuona. Safari hiyo nilipata chuo, na msaada wa ada.

Tarehe nazo zinatutega. Vyuo vingi vya kule hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, na mtihani wetu wa kidato cha sita ni Mei. Ndiyo maana wengi wetu huomba baada ya matokeo, mwaka unaofuata. Mtaani watasema umekaa bure, waache. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa kulipa wanapomchagua mwanafunzi wa kigeni, ila vyuo vingi vyengine huuangalia, kwa hiyo soma ukurasa wa misaada kabla hujaipenda picha ya majengo. MIT na Harvard wamerejesha sharti la SAT au mtihani mwenzake, ACT. Ada ya maombi ikikushinda, omba msamaha wake, upo. Na wakala anayekuahidi nafasi kwa pesa, mpishe njia.

Wewe uliye kidato cha tano sasa hivi, mtafute maalim mmoja wiki hii. Usimuombe barua bado. Mwambie unataka kuomba wapi, na lile daftari la praktiko usilichome moto baada ya mtihani.