Je, niache kazi kwa sababu duka lina mzunguko?

SWALI: Shikamoo mhasibu. Mimi ni mtunza stoo katika hoteli moja hapa Arusha, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka tisa, na mshahara unaonifikia mkononi ni shilingi 620,000 kwa mwezi. Desemba iliyopita mwenye fremu mmoja wa Pasua, Moshi, aliniruhusu kulipa pango la mwezi mmoja tu, mdogo wangu akauza mchele, sukari, unga, maharage na mafuta ya kupikia. Tuliuza wastani wa shilingi 280,000 kwa siku, na kila aliyeona alisema duka lina mzunguko mzuri. Nina akiba ya shilingi milioni 9. Mwalimu wa semina ya ujasiriamali amenishauri niache kazi na nikope milioni 5 niongeze mtaji, kwani mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Mwenye fremu sasa anataka pango la mwaka mzima kabla ya mwisho wa mwezi. Je, niache kazi? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usiache kazi kwa hesabu hiyo. Sisemi hivyo kwa kuwa duka la vyakula ni biashara mbaya, wala kwa kuwa nakuona huna uwezo, maana mtu aliyetunza stoo ya hoteli kwa miaka tisa anajua kuhesabu mali kuliko wengi wanaofungua maduka. Nasema hivyo kwa sababu katika barua yako yote umetaja mauzo, akiba, mkopo na pango, lakini hukutaja hata mara moja ni kiasi gani kilibaki. Neno lililochukua nafasi ya faida katika maelezo yako ni mzunguko, na neno hilo nimelisikia mezani kwangu mara nyingi mno, kutoka kwa watu waliokuja kuniuliza kwa nini duka linauza kila siku na bado hawana ada ya shule Januari.

Mzunguko ni kasi ambayo mali inageuka fedha na fedha ikageuka mali tena. Ni jambo jema, lakini halikuambii ni shilingi ngapi kati ya zile zilizopita mikononi mwako ni zako. Vyakula vikavu huzunguka haraka kwa sababu kila nyumba hula, na kwa sababu hiyo hiyo kila mtaa una maduka manne yanayouza sukari ile ile, na hakuna anayeweza kupandisha bei bila mteja kuvuka barabara. Katika madaftari ninayoyashika ya maduka ya namna hiyo, tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia huwa kati ya shilingi 8 na 12 katika kila shilingi 100 za mauzo. Tuchukue 10. Basi katika zile 280,000 za kila siku, 252,000 zilikuwa za mwenye duka la jumla pale Mbuyuni tangu mwanzo; zilipita kwako zikirudi kwake. Zilizobaki kwa ajili ya kila kitu kingine ni 28,000.

Kabla hatujazigawa hizo 28,000, inabidi tuuzungumzie mwezi wenyewe. Ulipima biashara Moshi mwezi wa Desemba. Wewe unajua, kama ajuavyo kila mtu wa Kilimanjaro, kwamba Desemba si mwezi wa kawaida katika mkoa huu: watu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, ndoa na vipaimara vinafuatana, na mfuko wa mchele unaomtosha bibi miezi miwili unakwisha kwa siku nne. Kisha inakuja Januari na ada za shule, na baadaye masika ya Machi hadi Mei, ambapo vibarua hupungua na watu wa mjini hununua robo kilo badala ya kilo mbili. Kwa maduka ninayoyafahamu, si ajabu mauzo ya miezi hiyo kushuka hadi nusu ya yale ya Desemba. Mimi nitakukadiria vizuri kuliko hivyo, niseme utauza 170,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi.

Hiyo ni shilingi 4,420,000 kwa mwezi, na kinachobaki baada ya kununua mali ni 442,000. Toa pango 120,000, umeme 20,000, usafiri wa mizigo kutoka sokoni 60,000, mlinzi na ada ya taka 20,000. Toa pia 30,000 za upotevu, ambazo wengi huzikana hadi wazipime: gunia la kilo 100 likiuzwa kwa kilo moja moja na nusu nusu halitoi kilo 100, kwa sababu mkono unaopima huongeza punje chache kila mara, panya wapo, na mifuko hupasuka. Hapo umebakiwa na 192,000, na bado hujaiona kodi.

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ni jambo ambalo walimu wa semina hawalifundishi. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio halipi kwa faida yake. Hulipa kwa mauzo. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, mauzo yanayozidi shilingi milioni 11 na yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka hutozwa asilimia 3.5 ya mauzo hayo. Kwa mwenye saluni, ambaye sehemu kubwa ya anachopokea ni malipo ya kazi ya mikono yake, kiwango hicho kinavumilika. Kwa muuza sukari anayebakiwa na shilingi 10 katika 100, kinachukua zaidi ya theluthi moja ya kilichobaki. Kwako ni shilingi 154,700 kwa mwezi. Unaweza kuchagua kutozwa kwa faida, lakini utalazimika kuandaa hesabu kamili za mwaka, ambazo nazo zina gharama yake. Kwa hiyo zile 192,000 zimekuwa 37,300, na leseni ya biashara ya halmashauri na uhakiki wa mizani kwa Wakala wa Vipimo bado havijalipwa.

Shilingi 37,300 kwa mwezi, na hadi sasa hatujamlipa mtu yeyote aliyesimama nyuma ya kaunta.

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote katika kazi yangu. Mtu anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi, analifunga saa tatu usiku, siku sita au saba kwa wiki, na katika hesabu zake kazi hiyo imeandikwa sifuri. Au anamweka mdogo wake, anamlisha na kumpa fedha ya vocha, na kuhesabu kwamba amepata mfanyakazi wa bure. Hakuna mfanyakazi wa bure, ndugu yangu. Ama unamlipa mshahara unaojulikana, ama anajilipa mwenyewe kwa kiasi usichokijua, ama anachoka na kuondoka mwezi wa tano. Na wewe ukisimama mwenyewe, mshahara wako wa 620,000 uliouacha hotelini ni gharama ya duka hilo, hata kama hakuna anayekutumia risiti yake. Ukitaka kujua kama biashara inasimama, jiulize kama ingeweza kumlipa mtu baki afanye kazi ile unayoifanya. Isipoweza, unaibeba wewe kwa akiba yako na kwa mgongo wako. Nyingi huendelea hivyo miaka miwili au mitatu, zikisaidiwa pia na mchele na mafuta yanayochukuliwa rafuni kwenda kupikwa nyumbani bila kuandikwa, hadi siku mwenyewe anapougua.

Tuseme nimekukadiria vibaya, na kila mwezi wa mwaka ukawa Desemba. Mauzo yangekuwa 7,280,000 kwa mwezi, na baada ya mali, gharama zile zile na kodi, ungebakiwa na 223,200. Hiyo ni kama theluthi moja ya mshahara wako wa sasa, bila senti moja kwa mdogo wako. Ili duka hilo likupe 620,000 kwa viwango hivi ungehitaji kuuza takriban 515,000 kwa siku, karibu mara mbili ya Desemba, kila siku ya kazi mwaka mzima. Na hapo ungekuwa umevuka milioni 100 kwa mwaka na kutoka kabisa katika utaratibu wa makadirio.

Kuhusu mkopo sina maneno mengi. Milioni 5 kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi ni shilingi 175,000 za riba katika mwezi wa kwanza peke yake, dhidi ya duka linalobakiza 37,300. Mtaji ukiongezwa katika biashara isiyo na faida huongeza kasi ya kupotea kwa fedha. Na kama mkopeshaji uliyeonyeshwa hana leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, au anataka uache kadi yako ya benki mezani kwake, ondoka hapo hata kabla hujamaliza kumsikiliza, kwa sababu mikopo hiyo haikuitwa kausha damu bila sababu.

Liko pia jambo ambalo hukuliuliza. Kwa miaka tisa mwajiri wako amekuwa akiwasilisha mchango wako NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambayo yeye hubeba angalau nusu. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180. Wewe una miezi 108. Ukiacha kazi kwa hiari hustahili fao la kukosa ajira, kwa hiyo usiliweke katika mipango yako. Sheria inakuruhusu kuendelea kuchangia ukiwa umejiajiri, na nawasihi wote wanaoacha kazi wafanye hivyo, lakini mchango huo wote utatoka katika zile 37,300.

Sasa niseme juu ya huyo mwalimu wa semina, kwa maana hayuko peke yake na wewe si wa kwanza kuniandikia baada ya kukutana na mtu kama yeye. Wamejaa Arusha na Moshi. Wanakodi ukumbi wa hoteli Jumamosi, wanatoza kiingilio, na kazi yao kubwa ni kumfanya mwenye ajira aione ajira yake kuwa aibu. Wengine huuza michanganuo ya biashara katika makundi ya WhatsApp, kurasa tatu zenye jina la mtaa lililobadilishwa tu, ambamo pango halipandi, mteja hakopi, kodi haipo na mwenye duka hali chakula. Niliwahi kupokea faili la mama mmoja aliyeacha kufundisha katika shule binafsi akafungua duka la vyakula. Hakuibiwa, hakuzembea, na aliandika mauzo ya kila siku kwa mwandiko mzuri sana. Alipoona fedha zinapungua alirudi kwa mwalimu wake wa semina, naye alitazama safu ile ya mauzo na kumwambia mzunguko ni mzuri, tatizo ni mtaji mdogo, akope. Alikuja kwangu mwezi wa kumi na nne, wakati akiba yake ilikuwa imekwisha na mkopo ukiwa mbichi. Ilinichukua asubuhi moja kumwonyesha kwamba hapakuwa na mwezi hata mmoja, tangu wa kwanza, ambapo duka lile lilimlipa. Inaniuma kwamba hesabu ya asubuhi moja ilikuja baada ya miezi kumi na minne. Anayekushauri uache mshahara anapaswa kukufungulia daftari la biashara yake mwenyewe, lenye bei za kununulia, na kama mapato yake yote yanatokana na kiingilio cha semina, basi ujue biashara anayoifahamu ni hiyo.

Kama bado unataka duka, endelea na kazi. Mwombe mwenye fremu miezi mitatu, Machi hadi Mei, na ukumbuke kwamba kwa pango la biashara wewe mpangaji ndiye unayetakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango hilo, ambayo ni kodi, na kuiwasilisha TRA, ili asije akachukua zote na deni likabaki kwako. Mlipe mdogo wako mshahara ulioandikwa. Andika bei ya kununulia kando ya kila bei ya kuuzia, na chochote kinachochukuliwa kwenda nyumbani kilipiwe kama mteja mwingine alipavyo. Laini ya simu inayopokea malipo ya duka isiwe ile unayotumia kununulia umeme wa nyumbani.

Ila mimi ningependa ufikirie pia kile unachokijua zaidi ya majirani zako wa Pasua. Unajua hoteli inanunua nini, kwa kipimo gani, nani huchelewesha mboga na kwa nini mayai hurudishwa. Ujuzi huo una thamani ambayo sukari haina, ingawa nakuonya mapema kwamba hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30 hadi 60, na Aprili na Mei vyumba vikiwa vitupu oda hukatika. Lete makadirio ya hilo nami nitayapitia kwa makini kama nilivyoyapitia haya.

Pango la mwaka mzima usilipe. Mwenye fremu akikuambia kwamba yuko mtu mwingine anayeitaka, mwache huyo mwingine aichukue.