Homa haina jina mpaka damu ipimwe

Zuhura mamangu,

Meseji yako niliipata juzi, nyumba ilikuwa imejaa wageni. Umeuliza mbona wewe uliyezaliwa hapa Malindi, ukaumwa malaria kila masika utotoni, sa hii umekuja wiki mbili tu ukarudi Eldoret ukalazwa, na kakako Bakari akapimwa siku zile zile akakutwa na wadudu na jioni yake yuko uwanjani anacheza mpira. Kinga yako imekwenda wapi?

Kinga ya malaria haikai kama ya surua, mwanangu, inataka kukumbushwa. Ukikaa miaka na ile baridi ya Eldoret inapungua. Bakari huumwa na mbu kila uchao, mwili wake umewazoea wadudu, unawaweka wachache na hata joto halipandi. Lakini mi nataka ujue homa yenyewe inatoka wapi, manake watu hudhani ni mdudu anayechoma na kumbe ni mwili wako mwenyewe.

Mbu jike akikuuma wadudu hukimbilia ini, huko huzaana kama wiki hivi na wewe huna habari. Wakitoka wanaingia kwenye chembe nyekundu za damu, na kila baada ya saa 48 hivi chembe zile zinapasuka, takataka zao zinamwagika kwenye damu. Hapo chembe nyeupe zinashtuka, zinatoa kemikali zinazoitwa saitokini, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, habari inafika ubongoni, ubongo unaamuru joto lipande, ndio ule mtetemeko wa blanketi tatu. Kuna nyingine, intaferoni gama, hii inaziamsha zile chembe zinazomeza wadudu. Bila hizo ungekwisha. Ila zikizidi zinamuumiza mwenye mwili, mishipa midogo ya damu inazidi kunata, na chembe zenye wadudu zinajibandika humo, hata ubongoni, zisipite kwenye bandama zikachujwa. Ndio maana mwili una kemikali nyingine kazi yake ni kuzituliza zile za kwanza. Mtu akishaugua mara nyingi mwili hujifunza kipimo. Mtoto mdogo bado.

Na huyo Bakari unayemwonea wivu ndiye alitaka kunifia. Wewe ulikuwa tumboni. Nilimpeleka kliniki moja anachemka, yule bwana hata hakumgusa, akaniambia ni homa ya kawaida mpe dawa ya joto, usiwe na wasiwasi mama. Mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana. Usiku ule ule dege likamshika, macho yamegeuka juu, meno yamekazana, vidole vimejikunja hata sikuweza kuvifungua. Bibi yako akasema ni nyuni, yule pepo wa ndege anayeshika watoto, akataka moshi wa mavi ya ndovu, babako akakataa akatoka mbio kuomba pikapu ya samaki ya jirani. Hospitali ya pili ndio walimtoboa kidole, malaria plasi tatu, yaani wadudu wengi, wakamtundikia dripu ya kwinini. Alfajiri kijana wa maabara akaniita nichungulie kwenye darubini, nikaona pete ndogo za zambarau ndani ya chembe za mwanangu, kila pete na kidoti chake, nyiingi. Tangu siku hiyo nasema, homa haina jina mpaka damu ipimwe.

Bibi yako sitamhukumu. Najua angetuchelewesha. Lakini alijua lile si jambo la dawa ya joto, na yule wa kliniki hakujua, sasa nani alikuwa karibu na ukweli? Basi, tuliache, ingawa moshi ni moshi tu.

Usimtegemee Bakari kama mfano pia. Pale Kilifi KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba, walifanya utafiti, watu wazima waliojitolea wakadungwa wadudu makusudi huku wakiangaliwa kila siku, wengine miili yao ikawazuia wadudu bila dawa yoyote na wengine wakaugua ikabidi watibiwe, na wote ni watu wa nchi hii hii, wengi wameishi na malaria maisha yao yote. Kwa hiyo kinga si kitu cha kujivunia barazani. Hata yeye akipata joto nampeleka kupimwa, anakasirika lakini anakwenda, homa haina jina.

Sasa unataka kuja na mtoto mwezi wa tano. Moyo wangu unasema njoo, sijambeba hata mara moja. Lakini mwezi wa tano mvua imeshika, maji yamesimama kila shimo, na huyo hajawahi kuonja malaria. Sikwambii usije. Muulize daktari wa huko dawa ya kinga ya safari kabla hujakata tiketi, yako na ya mtoto, akikwambia subiri basi njooni Agosti. Chandarua chenye dawa nishamnunulia, na Bakari ameshapigilia misumari.

Mamako