Mashine ya Babu na Katalogi ya Zamani

SWALI: Mhariri, shikamoo. Babu yangu wa Tukuyu ameniachia mashine ya kunyolea ndevu ya Gillette, ile inayowekwa wembe mwembamba. Picha inayofanana nayo nimeiona katika nakala ya katalogi ya Sears, kampuni ya Chicago iliyouza bidhaa kwa njia ya posta. Je, mwaka wa katalogi ndio mwaka wa mashine? Msomaji, Mbeya.

JIBU: Marahaba. Hapana, katalogi huthibitisha tu kwamba bidhaa ilikuwa sokoni mwaka huo, ilhali muundo mmoja uliweza kuuzwa kwa miaka mingi. Gillette ilianza kuuza mashine zake mwaka 1903 na kupata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1904, kwa hiyo hata tarehe ya hataza iliyogongwa kwenye chuma, ambayo wengi huidhania kuwa ya kutengenezwa kiwandani, isikudanganye. Tazama upande wa chini wa kichwa chake: mashine nyingi zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1950 zina herufi ya mwaka, A ikiwa 1955, pamoja na tarakimu ya robo ya mwaka. Usiisugue kwa majivu kama sufuria kabla ya kusoma alama hizo, kwani utazifuta.