Swichibodini: Star Trek nianzie wapi, Mama?

*Barua zenu za filamu, redio na runinga hujibiwa hapa na mama aliyekuwa opereta wa simu za stesheni, kwanza Tabora, baadaye Kigoma, mpaka alipostaafu.*

Shikamoo Mama wa Swichibodi. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Unajua kazi yetu: siku za giza tunakesha ziwani, siku za mbalamwezi tunakaa nyumbani kwa sababu dagaa hawafuati taa. Nilipokuwa mtoto kule Ujiji kulikuwa na kibanda cha video, na mara mbili tatu nilimwona yule mtu mwenye masikio yaliyochongoka, na wenzake wanaoyeyuka hapa na kutokea kule. Sikujua mwanzo wala mwisho. Mwaka huu nimenunua TV, nikasema hizi siku za mbalamwezi nitaitazama hiyo Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya meli ya angani, kuanzia mwanzo kabisa. Sasa mpwa wangu aliyeko chuoni ananiambia mwanzo si ile ya 1966, mwanzo ni ile inayoitwa Enterprise, ya 2001, kwa kuwa mambo yake yalitokea kabla. Mke wangu naye anasema mtu mzima ana nyavu za kushona. Nianzie wapi, na je, nitamaliza? *Mvuvi, Kibirizi*

Marahaba mwanangu, na pole na baridi ya ziwani.

Nianze na mkeo, maana ndiye mwenye nyumba. Shona nyavu huku unatazama. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Star Trek ya zamani ina maneno mengi kuliko mapigano, ukiinamia kazi yako dakika mbili hujapoteza kitu, unasikia tu Spock, huyo wako mwenye masikio yaliyochongoka, na daktari wanagombana.

Mpwa wako hesabu hajakosea. Hiyo Enterprise inaanza mwaka 2151, karibu miaka mia moja kabla ya Kapteni Kirk, yule wa meli ya 1966. Ila walioitengeneza mwaka 2001 waliwatengenezea watu ambao Spock wanamjua kama wanavyomjua jirani. Ukianzia hapo utakuwa kama mgeni aliyeingia kwenye kikao cha ukoo usio wake: watu wanaangua kicheko, wewe unaangalia vikombe. Usifuate miaka ya hadithi, fuata miaka ya kurushwa. Anza na 1966.

Kipindi cha kwanza kilirushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 kwenye televisheni ya NBC, jina lake "The Man Trap". Mtunzi wa tamthilia yote ni Gene Roddenberry, mtu aliyewahi kuwa rubani wa ndege za vita, kisha askari polisi wa Los Angeles. Na wewe mtu wa Kigoma una sababu yako ya kukitazama kipindi hicho kwa makini. Ndani yake kuna dubwana la sayari ya mbali linaloishi kwa chumvi. Chumvi ikiliishia linaifyonza kwenye miili ya watu, na watu wanakufa. Lina uwezo wa kujigeuza sura kila mtu alione analolitaka. Basi linapomfikia Luteni Uhura, dada mweusi wa mawasiliano, linajigeuza kijana mtanashati na kumsemesha kwa Kiswahili!

Marehemu mume wangu alirudisha mkanda mara tatu. Halafu akasema: "Kiswahili linakijua, njaa ya chumvi linayo, sasa lilishindwaje kuulizia njia ya Uvinza?" Mpaka leo nikipita na treni pale Uvinza, kunakotoka chumvi yetu, nacheka peke yangu. Lingepewa gunia moja tu, hakuna ambaye angekufa.

Hiyo mikanda alikuja nayo yeye kutoka Bujumbura. Alikuwa fundi wa mitambo melini. Televisheni kwa huku bara ilianza 1994, na sisi wa mwisho wa reli kwa muda mrefu tuliona chenga tu, kwa hiyo mikanda ndiyo iliyotutoa ushamba. Haikuwa na mpangilio. Mmoja ulikuwa na vipindi viwili vya msimu wa kwanza, mwingine kimoja cha msimu wa tatu, kisha ngumi za Wachina zimerekodiwa juu yake. Kwa hiyo hata mimi ya kwangu nimeanza upya mwaka jana tu, na hivi ninavyokujibu niko katikati ya msimu wa pili.

Kitu kimoja kitakuchanganya, nikuonye mapema. Hata huo mpangilio wa kurushwa haukunyooka, kwa sababu NBC hawakurusha kwa kufuata vilivyotengenezwa. Mwangalie Uhura nguo zake. Anaanza na nyekundu, mara kipindi cha sita amevaa ya njano, anarudi kwenye nyekundu, mara njano tena. Vile vya njano ndivyo vilivyopigwa picha mapema. Kipindi cha tatu nacho utaona daktari si yuleyule, sare si zilezile, taa za melini si zilezile. Usidhani umeuziwa feki. Hicho kilikuwa kipindi cha majaribio, tena jaribio la pili, wakakichomeka hapo katikati.

Jaribio la kwanza, "The Cage", wakubwa wa televisheni walilikataa. Humo kapteni ni mwingine, na msaidizi wake mkuu ni mwanamke, na Spock, ndiyo, Spock yuleyule, anatabasamu. Wewe usianze nalo. Vipande vyake utavikuta ndani ya kipindi cha sehemu mbili kinachoitwa "The Menagerie". Bajeti ilikuwa imebana wakaona picha zilizolala stoo zitumike. Huo ndio ubahili ninaoupenda kwenye tamthilia hii. Hata huko kuyeyuka kulikokushangaza ukiwa mtoto kulitokana na ufukara: kuonyesha meli kubwa ikitua sayari mpya kila wiki kungekula fedha zote, wakaona bora watu wayeyuke. Milango ya melini nayo, inayofunguka yenyewe kwa mlio wa *shwii*, ilikuwa inavutwa kwa mkono na watu waliojificha nyuma ya ukuta. Ukishajua hilo utakuwa unatazama milango tu, nisamehe.

Swali lako la pili, kama utamaliza. Tamthilia ya Kirk ina vipindi 79: msimu wa kwanza 29, wa pili 26, wa tatu 24. Kila kimoja dakika hamsini hivi. Tuseme mbalamwezi inakupa siku nane za kukaa nchi kavu, na kila usiku unatazama viwili, umeme ukikubali. Hivyo ni 16 kwa mwezi. Miezi mitano umemaliza.

Na hapa ndipo nina neno na mpwa wako na vijana wote wanaokesha wakimeza msimu mzima usiku mmoja. Vitu hivi vilitengenezwa viliwe kidogokidogo. Mtu wa 1966 alitazama kimoja, akasubiri wiki nzima. Ukivibandika kumi kwa mkupuo unaanza kuona mawe ya plastiki, unaona Kirk anachanika shati lilelile, unaona hadithi ya mashine iliyojiona Mungu imerudi mara ya tatu. Ukikaa ziwani wiki tatu kati yake, huoni. Unarudi una hamu. Kalenda yako ya uvuvi ni bora kuliko ya mpwa wako.

Ruksa kuruka. Msimu wa tatu una vipindi vibovu, sitavitetea. Tamthilia ilinusurika kufutwa kwa sababu watazamaji waliandika barua kwa wingi, lakini ikawekwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wako matembezini, na fedha zikapunguzwa. Ikafa 1969. Lakini usiruke kimoja cha msimu wa kwanza: "Space Seed". Ndani yake Kirk anamshinda mtu mmoja jeuri, Khan, ameigizwa na Ricardo Montalbán, na badala ya kumfunga anamwacha kwenye sayari ya peke yake na watu wake. Kipindi kinaisha vizuri, watu wanapongezana. Sasa ukimaliza misimu yote mitatu, tafuta filamu ya 1982, ya pili katika filamu zao. Miaka 15 imepita. Khan bado yuko huko, na hakusahau. Aliyeruka kile kipindi ataona filamu nzuri. Wewe utaona deni linadaiwa.

Baada ya hapo kuna ile ya 1987, The Next Generation, yenye kapteni mwenye upara, vipindi 178. Misimu miwili ya kwanza inachosha. Wa pili uliingiliwa na mgomo wa waandishi wa 1988, ukafungwa kwa kipindi cha kuunganisha vipande vya zamani, aibu tupu. Kuanzia wa tatu wanakaa sawa. Zinazofuata tutaongea ukifika, na hiyo ya mpwa wako ya 2001 itakuja kwa zamu yake.

Nina la kwangu kidogo, na mhariri akitaka alikate. Wanaoicheka tamthilia hii husema Uhura hana kazi, amekaa tu na kitu sikioni anasema kapteni, nimepata mawasiliano, kapteni, hawajibu. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa swichibodi. Usiku mmoja wa masika mvua ilikula tuta kati ya Nguruka na Malagarasi, treni ya abiria iko njiani, na mimi nimekaa na kitu sikioni naita, hawajibu, naita, hawajibu. Stesheni masta amesimama nyuma yangu, wakubwa wapo kwenye laini nyingine wanafoka, na hakuna anayejua lolote mpaka mimi nisikie. Walipojibu ilikuwa karibu alfajiri, wazima wote, wamesimama porini. Niliondoa kile kitu sikioni sikio limevimba. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alisimulia mara nyingi kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha arudi jukwaani, akakutana na Martin Luther King, naye akamwambia asiondoke pale alipokaa. Alibaki mpaka mwisho. Alifariki 2022.

Mume wangu yeye hakuwa na habari na Uhura. Wake alikuwa Scotty, fundi wa injini. Kila Kirk alipodai mwendo zaidi na Scotty akalalamika kwamba mitambo haitahimili, mzee alikuwa anaijibu TV: "Mwambie! Mwambie hawa wa juu hawajui!"

Ukimaliza msimu wa kwanza niandikie. Na ukipita Mwanga na dagaa, niletee wa kwenye chanja, wale wa kuanikwa chini nimechoka kutafuna mchanga.

Mama, mwangaluka. Mume wangu ameleta flashi yenye ile filamu ya Star Trek ya 2009, imetafsiriwa Kiswahili na wasimulizi wetu wa mtaani. Tumecheka sana lakini sikuelewa kwa nini yule kijana anamfuatafuata dada mwenye jina Uhura. Je, nirudie bila tafsiri? *Mwalimu, Isevya, Tabora*

Mwangaluka, mwalimu. Isevya nimeikumbuka, embe zake hasa.

Wasimulizi wale nawapenda, ila wanaongea juu ya kila kitu, na hapo wamekula utani mzima. Katika filamu hiyo Kirk kijana anataka kujua jina la kwanza la Uhura, naye anamnyima kuanzia baa mpaka chuoni. Baadaye jina linakuja kutamkwa na mwingine mbele yake, na ndiyo mara ya kwanza kusikika kwenye skrini tangu 1966: Nyota. Uhura wenyewe walilitoa kwenye neno letu uhuru, wakabadilisha herufi ya mwisho. Kwa hiyo hao Wamarekani wote ukumbini walikuwa wanasubiri kuambiwa neno ambalo wewe unalifundisha darasa la kwanza. Rudia, uisikie.

Mkimaliza tafuteni "The Changeling", kipindi cha 1967. Mtambo mmoja unafuta akili yote ya Uhura, anafundishwa kusoma upya kama mtoto, na akikwama kwenye Kiingereza kinachomtoka ni Kiswahili. Lafudhi utaisahihisha mwenyewe, kalamu nyekundu unayo.

Mama, huyo Uhura ni mtu wa nchi gani hasa? Hapa kijiweni Gungu tumebishana mpaka kahawa imepoa.

Mimi na mume wangu tulishakubaliana zamani kwamba ni wa kwetu, pengine Ujiji. Lakini mfululizo wa Strange New Worlds, ulioanza 2022, umesema amezaliwa Kenya. Nilipofika hapo nilizima TV nikaenda kulala. Asubuhi nikaendelea nao.