Re: Kutoka Moro kwenda Dar na kurudi siku hiyo hiyo

Mkuu, umeuliza kama unaweza kutoka Moro (Morogoro) asubuhi, ukazunguka Dar bila gari na kurudi jioni. Inawezekana kabisa, ila panda SGR, ile treni ya umeme. Basi litakushusha Mbezi, na foleni ya kutoka pale hadi mjini itakula asubuhi yako. Treni inakufikisha Stesheni, katikati ya mji, chini ya saa mbili. Tiketi ya kurudi kata mapema. Mimi niliwahi kuzembea, nikalala kwa shemeji.

Tembea kwa miguu hadi Feri, kwenye soko la samaki, ule pweza anayekatwakatwa mbele yako, unamchoma kwa kijiti na kumchovya kwenye pilipili. Kisha panda pantoni uvuke Kigamboni. Upepo ule tu unalipa nauli. Soko la Kariakoo? Jumamosi, kwa msongamano ule, usithubutu na begi mgongoni.